Hazu da au hazu datta: mwongozo kamili wa kueleza matarajio na mashaka kuhusu jambo lililopita kwa Kijapani

Mwanafunzi yuko chumbani kwake Osaka, anasubiri kifurushi kilichokuwa kifike jana. Hakijafika, na ndani ya sanduku la barua hakuna hata ile karatasi ya fuzaihyō ambayo msambazaji huiacha asipomkuta mwenye nyumba. Anapiga simu kwa kampuni ya usafirishaji na kusema kwa adabu zote: 「荷物は昨日届いたはずですが」 (Nimotsu wa kinō todoita hazu desu ga). Upande wa pili kunakuwa kimya kidogo, kisha mhudumu anauliza kwa upole tatizo ni nini. Kimya hicho kina sababu. Alichosikia mhudumu ni kwamba kifurushi kitakuwa kilifika jana, ilhali mwanafunzi alikusudia kusema kilikuwa kifike jana na hakikufika.

Kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari mengi, tena ya watu wanaoandika kanji vizuri na wanaojua msamiati mpana. Kinachowaponza ni mahali pa kuweka wakati uliopita, kwa sababu sentensi ya namna hii ina nyakati mbili ndani yake: wakati wa tendo na wakati wa matarajio, na matarajio hayo hubebwa na neno hazu. Kiswahili nacho kinazitenganisha nyakati hizo, na kinazitenganisha vizuri sana, ila kwa mpangilio ulio kinyume na wa Kijapani. Ukiushika mpangilio huo katika hatua ya 3, mengine yote yatakuwa mepesi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Unahitaji kusoma hiragana bila kusitasita, na kujua kubadili vitenzi kutoka umbo la heshima la -masu kwenda umbo la kawaida, yaani lile linaloonekana katika kamusi. Anayejiandaa kwa JLPT, mtihani wa umahiri wa Kijapani, ngazi ya N4 kwa kawaida ameshafika hapo.

Uwe pia na daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto utaandika sentensi ya Kiswahili, upande wa kulia ya Kijapani. Usiruke jambo hili, kwa maana tutakitegemea Kiswahili kama mizani, na mizani haifanyi kazi ikiwa na sahani moja.

Mwisho, chagua matukio matatu ya kweli ya wiki iliyopita ambayo huna hakika nayo kikamilifu: mtu uliyedhani amefika, ujumbe uliodhani umeutuma, kitu kilichokuwa kifanyike kisifanyike. Sentensi za maisha yako mwenyewe hukaa kichwani kuliko mifano yangu.

## Hatua ya 1: Andaa tendo katika umbo la kawaida

Maneno yote ya makadirio katika Kijapani hukaa mwishoni mwa sentensi, na kila kinachoyatangulia hubaki katika umbo la kawaida. Heshima huwekwa mara moja tu, mwisho kabisa.

Kwa hiyo kuru (kuja) huwa kita, na kukanusha kwake ni konakatta. Suru huwa shita na shinakatta, taberu huwa tabeta na tabenakatta, na iku, ambacho kinakiuka kanuni ya vitenzi vya -ku, huwa itta na ikanakatta. Kivumishi cha -i kama takai huwa takakatta. Nomino na vivumishi vya -na huchukua datta: yasumi datta (ilikuwa likizo), shizuka datta (palikuwa kimya).

Tahadhari. Usiandike 来ましたはずです (kimashita hazu desu). Andika 来たはずです (kita hazu desu). Nia ya kuongeza heshima ni njema, lakini heshima haizidi kwa kurudiwa, na masikioni mwa Mjapani sentensi ile ya kwanza imevunjika katikati.

Kuna tofauti ndogo katika kuunganisha. Neno hazu lenyewe ni la jamii ya nomino, na ndiyo maana nomino inayolitangulia katika wakati uliopo hudai no, na kivumishi cha -na hudai na: yasumi no hazu, shizuka na hazu. Kamoshirenai (huenda), deshō (nadhani) na ni chigainai (hapana shaka) hayadai chochote: yasumi kamoshirenai. Wakati uliopita unaondoa tofauti hii yote, kwa kuwa kila kitu huwa datta: yasumi datta hazu, yasumi datta kamoshirenai.

Utajuaje umefaulu? Ukiifunika kwa kidole sehemu ya mwisho, kuanzia hazu au kamoshirenai, kinachobaki ni sentensi kamili ambayo ungeweza kumwambia rafiki yako wa karibu.

## Hatua ya 2: Jiulize unajuaje

Kabla ya kuchagua neno, jiulize swali moja: ninachokisema nimekijuaje? Kiswahili kinakuruhusu kusema «atakuwa alikuja» kwa sababu yoyote ile, iwe umepiga hesabu, umehisi tu, au umeona viatu mlangoni. Kijapani hutaka uchaguzi wa makini zaidi.

Kama una sababu ambayo ungeweza kuitaja, kwa mfano ratiba, ahadi, desturi ya mtu au kumbukumbu yako mwenyewe, tumia hazu. Kama huna sababu ila unaona uwezekano, tumia kamoshirenai. Kama unakisia na kuamini kiasi, tumia deshō. Kama dalili zimekujaza imani hata hutaki kubishana, tumia ni chigainai. Kama unaona au kusikia alama za jambo lenyewe, nenda kwenye yō da na jamaa zake, nitakaowagusa katika hatua ya 9.

Kipimo cha hazu ni rahisi. Anza sentensi yako kwa «kwa kuwa» na utaje sababu. Ukikwama, basi hazu si neno lako kwa siku hiyo. Vilevile, jambo uliloliona kwa macho yako halihitaji hazu hata kidogo. Ukimwona Tanaka akiingia ofisini, sema 来ました (kimashita), alikuja, basi.

## Hatua ya 3: Weka kila wakati mahali pake

Hapa ndipo penye kazi, na ningependa usome polepole.

Tazama sentensi mbili za Kiswahili ambazo kila mmoja wetu huzisema bila kufikiri:

Kifurushi kitakuwa kilifika jana.
Kifurushi kilikuwa kifike jana.

Katika ya kwanza, neno «kitakuwa» halisemi lolote kuhusu wakati ujao. Linabeba makadirio ya msemaji, anayoyafanya sasa hivi, na «kilifika» ndilo linalobeba tendo. Katika ya pili, «kilikuwa» linaonyesha kwamba matarajio yalikuwapo jana, na «kifike» ni tendo lililokuwa mbele bado, ambalo hatuambiwi kwamba limetokea. Msikilizaji yeyote aliyekulia katika Kiswahili, akisikia «kilikuwa kifike», husubiri neno «lakini».

Kwa maneno mengine, Kiswahili hutanguliza makadirio na kufuatisha tendo. Kijapani hutanguliza tendo na kufuatisha makadirio. Ni sentensi ileile iliyogeuzwa kwenye kioo:

kitakuwa + kilifika → 届いた + はずだ (todoita + hazu da)
kilikuwa + kifike → 届く + はずだった (todoku + hazu datta)

Kilichoandikwa kabla ya hazu ni wakati wa tendo. Kilichoandikwa baada ya hazu ni wakati wa matarajio. Hakuna kingine cha kukariri.

Mwanafunzi wa Osaka alijua kwamba jambo lake ni la jana, akatafuta mahali pa kuubandika wakati uliopita, akaubandika kwenye kitenzi kwa sababu ndipo tulipozoea kuubandika. Alipaswa kuacha todoku kama kilivyo katika kamusi, na kubadili mwisho tu: 「荷物は昨日届くはずでしたが、まだ届いていません」 (Nimotsu wa kinō todoku hazu deshita ga, mada todoite imasen). Kifurushi kilikuwa kifike jana, lakini bado hakijafika. Angalia pia kwamba «bado hakijafika» ni mada todoite imasen, wala si todokimasen deshita. Ile -ja- yetu ya «hakijafika» inafanana kabisa na te imasen, kwa hiyo fuata sikio lako.

### Michanganyiko minne

Kwa kuwa kila upande unaweza kuwa na wakati uliopo au uliopita, unapata sentensi nne.

来るはずだ (kuru hazu da): ninatarajia atakuja. Tendo bado, matarajio ni ya sasa.

来たはずだ (kita hazu da): atakuwa alikuja. Tendo limepita, makadirio ni ya sasa.

来るはずだった (kuru hazu datta): alikuwa aje. Matarajio ya zamani, na mara nyingi hayakutimia.

Mchanganyiko wa nne, wenye wakati uliopita pande zote mbili, ni adimu kidogo na hutumika zaidi katika kusimulia. Humaanisha kwamba wakati ule nilikuwa na hakika jambo limekwisha kufanyika, kisha ikabainika vinginevyo: 「直したはずだったが、次の日また壊れた」 (Naoshita hazu datta ga, tsugi no hi mata kowareta). Tulikuwa na hakika tumekitengeneza, lakini kesho yake kiliharibika tena. Mwanafunzi anayeanza hana haja ya kuutumia. Autambue tu anapousoma.

### «Ameshafika» na «alifika»

Chukua mtu aliyepanda treni ya Nozomi kutoka Tokyo kwenda Kyoto, safari ya takriban saa mbili na robo. Treni iliondoka saa tatu asubuhi, ambayo Wajapani huiita kuji, yaani saa ya 9 (hapa napo wengi wetu huteleza kwa mazoea ya kuhesabu saa kuanzia mapambazuko). Sasa ni saa sita mchana. Utasema: 「9時ののぞみに乗ったから、もう京都に着いているはずです」 (Kuji no Nozomi ni notta kara, mō Kyōto ni tsuite iru hazu desu). Alipanda Nozomi ya saa tatu, kwa hiyo atakuwa ameshafika Kyoto.

Tsuite iru hazu inakazia kwamba hivi sasa yuko huko, kama «ameshafika». Ukitaka kutaja wakati alipofika, rudi kwenye umbo la ta, yaani la wakati uliopita: 「11時すぎに着いたはずです」 (Jūichiji sugi ni tsuita hazu desu), atakuwa alifika saa tano na kitu.

Tahadhari kuhusu noni. Kueleza mshangao kwamba mambo yamekwenda kinyume, Wajapani huongeza noni mwishoni. Mbele ya noni, da hugeuka kuwa na: はずなのに (hazu na noni), kamwe si hazu da noni. Datta haigeuki: はずだったのに (hazu datta noni).

Utajuaje umefaulu? Soma sentensi yako ya Kijapani ukianzia nyuma kwenda mbele, kisha soma ya Kiswahili ukianzia mbele. Nyakati zinapaswa kukutana: datta na «alikuwa», da na «atakuwa».

## Hatua ya 4: Tenganisha matarajio na lawama

Wengi wetu, badala ya «alikuwa aje», husema «alipaswa kuja» au «alitakiwa kuja». Maneno haya mawili yana sura mbili. Yanaweza kumaanisha kwamba ratiba ilisema atakuja, na yanaweza kumaanisha kwamba ulikuwa wajibu wake kuja na ametukosea. Kiswahili huacha sauti na mazingira yaamue.

Kijapani hakiachi. Matarajio ni 来るはずだった (kuru hazu datta). Wajibu uliokiukwa ni 来るべきだった (kuru beki datta).

Jambo hili nililijua kwa uchungu. Nilipokuwa mafunzoni, mgeni alifika ofisini akimuuliza mkuu wetu wa kitengo, ambaye alikuwa amechelewa. Nilitaka kumweleza kwamba mzee alikuwa afike saa nne, nikasema 「10時に来るべきでした」 (Jūji ni kuru beki deshita). Nilikuwa nimemshutumu mkubwa wangu mbele ya mgeni, na nyuso za wenzangu waliokaa karibu ziliniambia hivyo kabla ya mtu yeyote kunieleza. Nilikusudia hazu deshita. Silabi mbili ndizo zilizobadilika.

Beki ina mahali pake pazuri, nako ni unapojilaumu mwenyewe katika kuomba radhi: 「もっと早く連絡するべきでした」 (Motto hayaku renraku suru beki deshita), nilipaswa kuwasiliana nanyi mapema zaidi. Kumbuka kwamba mbele ya beki kitenzi hubaki katika umbo la kamusi daima; hakuna kita beki.

Njia ya kujikinga ni hii: kila unapotaka kutafsiri «alipaswa», kwanza ligeuze liwe «alikuwa aje» kwa Kiswahili chenyewe. Kama maana haikupotea, ni hazu datta. Kama sentensi imepoteza ukali uliokuwa unautaka, ni beki datta.

## Hatua ya 5: Unapojisemea mwenyewe

Mtu hawezi kukisia nia yake mwenyewe kana kwamba ni ya jirani. Kwa sababu hiyo 「私は明日行くはずです」 (Watashi wa ashita iku hazu desu) husikika vibaya kama unataka tu kusema utakwenda kesho. Kwa nia tumia tsumori, kwa ratiba tumia yotei.

Lakini mambo yakishapita, hazu inarudi kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni kumbukumbu. Umesimama mbele ya mlango wa nyumba, mkono umo ndani ya mkoba unapapasa, na ufunguo hauonekani. Unasema: 「かばんに入れたはずなのに、ない」 (Kaban ni ireta hazu na noni, nai). Nina hakika niliuweka mkobani, na haumo. Hapa unaikagua kumbukumbu yako kama ushahidi, na hilo linaruhusiwa.

Mlango wa pili ni mpango uliovunjika: 「私も行くはずでした」 (Watashi mo iku hazu deshita), mimi pia nilikuwa niende. Ukisema hivi unadokeza kwamba mpango ulikuwa umewekwa, labda na wengine. Kama ilikuwa ni nia ya moyoni mwako tu, tumia 行くつもりでした (iku tsumori deshita). Kiswahili kina «nilikuwa niende» kwa yote mawili, kwa hiyo itakubidi uchague.

Tsumori nayo hufuata kanuni ileile ya kioo. 「電話するつもりだった」 (Denwa suru tsumori datta) ni «nilikuwa nipige simu». 「電話したつもりだった」 (Denwa shita tsumori datta) ni «nilidhani nimeshapiga simu», kumbe sikupiga.

Tahadhari ya adabu. Kumwambia mkubwa wako 「メールを送ったはずですが」 (Mēru o okutta hazu desu ga) kunabeba lawama iliyofichika, mfano wa kumwambia mtu «mbona nilikwisha kukutumia». Sema 「お送りしたと思うのですが」 (O-okuri shita to omou no desu ga), nadhani nilikutumia, na umwachie nafasi ya kujibu bila kuaibika.

## Hatua ya 6: Kanusha mahali panapostahili

Unaweza kukanusha tendo au kukanusha uwezekano wake. 知らなかったはずだ (shiranakatta hazu da) ni «atakuwa hakujua». 知っていたはずがない (shitte ita hazu ga nai) ni «haiwezekani awe alijua». Ya pili ina nguvu zaidi na hutumika kupinga anachosema mwingine, kwa hiyo itumie kwa kiasi.

Kuna usemi mmoja wa kukariri mzima: 「こんなはずじゃなかった」 (Konna hazu ja nakatta). Haikuwa iwe hivi. Utausikia kwa mtu ambaye biashara, ndoa au safari yake imekwenda alipokuwa hakutarajia.

## Hatua ya 7: Usipokuwa na hakika

Kwa kamoshirenai, weka wakati uliopita kwenye tendo na uache mwisho kama ulivyo: 「もう帰ったかもしれません」 (Mō kaetta kamoshiremasen), huenda ameshaondoka. Ukieleza sababu ya jambo unaloliona, ongeza no: 「道に迷ったのかもしれません」 (Michi ni mayotta no kamoshiremasen), pengine ni kwamba alipotea njia.

Deshō huonyesha kisio lenye imani zaidi. Ina matumizi moja ambayo Mswahili ataipenda. Mtu akirudi kutoka safari ndefu au kazi nzito, Wajapani humwambia 「大変だったでしょう」 (Taihen datta deshō), yaani lazima ilikuwa kazi kubwa. Sisi tungesema «pole sana». Wao wanakadiria taabu yako kwa sauti, na makadirio hayo ndiyo pole yenyewe. Ila usipandishe sauti mwishoni unapozungumza na mkubwa, kwani deshō ya kupanda huweza kusikika kama «si nilikwambia?». Ukitaka kukisia kwa unyenyekevu, sema 「お忘れになったんじゃないでしょうか」 (O-wasure ni natta n ja nai deshō ka), huenda alisahau, au sivyo?

Ni chigainai ni ya imani iliyotokana na dalili. Ukiuona uso wa mtu ukajua amesema uongo, ni 「うそをついたに違いない」 (Uso o tsuita ni chigainai). Hazu haingefaa hapo, kwa sababu huna ratiba wala hesabu, una uso tu.

Vielezi husaidia msikilizaji kujiandaa mapema: moshikashitara hutangulia kamoshirenai, tabun hutangulia deshō, kitto hutangulia hazu, deshō au ni chigainai. Jihadhari na tashika. 確かに (tashika ni) ni «kweli kabisa», lakini たしか (tashika) pasipo ni humaanisha «kama sikosei». 「たしか、会議は3時だったはずです」 (Tashika, kaigi wa sanji datta hazu desu): kama sikosei, mkutano ni saa tisa. Mkutano huo unaweza kuwa bado haujafanyika; wakati uliopita hapa ni wa kukumbuka, kama sisi tunavyouliza «mkutano ulikuwa saa ngapi vile?» kuhusu mkutano wa kesho.

## Hatua ya 8: Yale ambayo hayakutokea

Kiswahili kina -nge- na -ngali-. Kijapani kinatumia sharti la -ba na kuweka tendo lililopita mbele ya neno la makadirio: 「もっと早く出ていれば、間に合ったはずです」 (Motto hayaku dete ireba, ma ni atta hazu desu). Kama ningalitoka mapema zaidi, bila shaka ningaliwahi. Badili hazu desu kwa kamoshiremasen, na bila shaka inageuka kuwa huenda. Tendo liko katika umbo la ta, ingawa halikutokea kamwe. Usilishangae, kwani sharti lililotangulia limeshamweleza msikilizaji.

## Hatua ya 9: Dalili na habari za kusikia

Ukiona ardhi imelowa asubuhi, sema 降ったようです (futta yō desu), au futta mitai kwa marafiki: inaonekana mvua ilinyesha. Kama umepata habari kwa kuzungukazunguka, futta rashii inafaa. Kama umeambiwa waziwazi, ni 降ったそうです (futta sō desu). Wengi huitafsiri hii ya mwisho kwa «eti», lakini «eti» yetu ina harufu ya kutoamini, na sō desu haina.

Tahadhari. 降りそうです (furisō desu) ni jambo jingine kabisa: mvua inaelekea kunyesha. Haizungumzii lililopita.

## Jipime

Funika majibu, andika sentensi hizi tano upande wa kulia wa daftari, kisha linganisha.

1. Mwalimu atakuwa alisoma barua pepe yangu jana.
2. Nilikuwa niende Nara Jumapili, lakini mvua ilinyesha.
3. Huenda alisahau.
4. Kama tungalipanda treni ya kabla yake, bila shaka tungaliwahi.
5. Haiwezekani awe alilipa.

Majibu:

1. 先生は昨日私のメールを読んだはずです。 Sensei wa kinō watashi no mēru o yonda hazu desu. Ukizungumza kwa heshima zaidi, o-yomi ni natta hazu desu.
2. 日曜日に奈良へ行くつもりでしたが、雨が降りました。 Nichiyōbi ni Nara e iku tsumori deshita ga, ame ga furimashita. Kama safari ilipangwa na kikundi, iku hazu deshita.
3. 忘れたのかもしれません。 Wasureta no kamoshiremasen.
4. 一本前の電車に乗っていれば、間に合ったはずです。 Ippon mae no densha ni notte ireba, ma ni atta hazu desu.
5. 払ったはずがありません。 Haratta hazu ga arimasen.

Ukikosa la 2 au la 4, rudi hatua ya 3 na uchore mstari kati ya tendo na makadirio katika kila mfano. Kisha chukua simu na useme tena ile sentensi ya kifurushi, safari hii ukiwa na todoku hazu deshita ga. Mhudumu hatanyamaza. Atakuomba radhi, kisha atakuuliza nambari ya ufuatiliaji, 「お問い合わせ番号をお願いします」 (O-toiawase bangō o onegai shimasu), kwa hiyo uwe nayo mkononi.